Ua la Kaka Kabla ya Kiangazi

Kaka yangu alilitoa ua lile msituni, upande wa Kahuzi, alikokuwa akifanya kazi na kikosi cha kufungua barabara. Mti mkubwa ulikuwa umeangushwa, naye alipopita kando ya matawi akauona mmea umeng'ang'ania gamba, majani yake manene yamepangana kama meno ya kitana, mizizi yote iko nje. Hakuubandua. Alikata tawi lenyewe kwa panga, urefu wa mkono wa mtu, akalileta begani hadi nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Kadutu, akishuka na lori la mbao.

Mama aligeuza tawi lile huku na huku.

"Hii inakuliwaka?"

"Hapana, maman."

"Ni dawa?"

"Sijue. Iko nzuri tu."

Mama akacheka, akasema kwamba ana mtoto anayebeba kuni kutoka Kahuzi kisha anakataza zisichomwe. Kaka akalifunga tawi kwa waya chini ya paa la baraza, kando ya dirisha la chumba chake, akarudi kazini kwake mlimani. Sisi hatukuwa na jina la mmea wa namna ile. Tuliuita ua la kaka, ingawa ua lenyewe tulikuwa hatujaliona. Alileta majani na mizizi tu.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Wabelgiji, lakini hatukujua kama ni ya mwisho. Papa alikuwa seremala. Kila asubuhi alishuka na sanduku lake la vyombo, akapita Nyawera, akaenda kutengeneza makabati na madirisha ya Wazungu kule kwenye rasi, ambako Mwafrika ilibidi awe ameondoka jua likizama. Mama alikuwa na meza yake ya kabichi na vitunguu sokoni Nyawera. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya masista ya kushona na kupika, sijaolewa bado, nikishona mapazia na magauni kwa mashine ya mkono pale barazani. Kwa hiyo mchana kutwa tawi lile nilikuwa nalo juu ya kichwa changu, upande wa kushoto, na mara nyingine nilipoinua macho kutia uzi kwenye sindano nililiona kwanza kabla ya kuona ziwa kule chini ya mtaa.

Kaka alikufa katika mvua kubwa za mwaka huo. Leo naandika "alikufa" bila shida. Wakati ule neno hilo halikuruhusiwa nyumbani kwetu.

Alikuwa amepewa likizo, akaenda Kalehe, kijiji cha kando ya ziwa, kumtembelea rafiki yake waliyefanya naye kazi ya barabara. Walirudi pamoja kwa boti ya mbao iliyobeba maharagwe na watu. Alasiri upepo ukashuka kutoka milimani pamoja na mvua, boti ikapinduka. Wengine waliokolewa, wengine ziwa liliwarudisha kwenye matete siku zilizofuata. Rafiki yake alipona. Kaka hakuonekana, si mzima, si maiti. Papa alikwenda ufukweni na wanaume wa mtaa, akatafuta mpaka kila mtu alipochoka kumsindikiza, kisha akarudi na viatu vimejaa tope, akasimama mlangoni.

"Mutoto amekufa," alisema.

Mama alikuwa amekaa juu ya kibao cha jikoni. "Umemuona?"

"Hapana."

"Basi."

Hatukuweka matanga. Majirani walipokuja na mikeka yao mama aliwapokea vizuri, akawapa kahawa, akawaomba wasilie. Wakakaa kidogo, wakatazamana, wakaondoka na mikeka yao. Wakaanza kutukwepa kidogo, kama mtu anavyokwepa nyumba yenye mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini. Jumamosi mama alipiga pasi shati la kaka la kwendea misa, akalitundika. Mimi nilishona. Mchana nyumba yetu ilikuwa na kelele za mashine tu, na nilipoisimamisha nilisikia kimya kimetangulia kukaa.

Mwezi wa tano, mvua zilipoanza kupungua, nikaona vumbi la kahawia juu ya kitambaa nilichokuwa nakishona. Nikapangusa. Kesho yake likawepo tena. Lilikuwa linatoka kwenye tawi. Mti ulikuwa umeoza ndani. Ukiugusa kwa kidole kipande kilitoka kama mkate wa zamani, na sisimizi walikuwa wametengeneza njia katikati. Mmea wenyewe ulikuwa mzima, lakini ulikuwa umeshikilia kitu kinachoisha.

Kiangazi kilikuwa kinakaribia. Wageni hufikiri kwetu hakuna baridi. Waje mwezi wa sita, asubuhi, wakati watoto wanakwenda shule wakiwa wamejikunja ndani ya sweta, na upepo unapanda kutoka bonde la Ruzizi umebeba vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, unakausha midomo na majani pamoja. Mmea wenye mizizi iliyo hewani ungekauka kwa siku chache tu.

Papa alileta habari hiyo mezani. Siku zile alikuwa akijenga rafu katika baraza la bibi mmoja Mzungu aliyekuwa na mimea ya aina hiyo, ambayo aliiita orkide, na papa alikuwa amemweleza tatizo letu.

"Ile tawi iko inaoza," papa alisema. "Kiangazi ikifika, mizizi yote itakauka. Madame anasema tuitie mu chungu."

Mama hakuacha kula. "Haikuotaka mu udongo. Kwa nini tuiingize mu udongo?"

"Si udongo. Ni makaa na vipande vya tofali. Yake yote iko vile."

"Madame hana mutoto mu ziwa."

Papa akaweka kijiko chini.

"Tafuta tawi ingine," mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Tawi muzima, ngumu. Uifunge palepale. Akirudi aikute penye aliiacha."

Papa alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Hakuna aliyemaliza chakula.

Kwa hiyo lile lilikuwa jambo letu, na ukilisimulia linaonekana dogo: mmea ufungwe juu ya mti mpya, au utiwe chunguni. Lakini sote watatu tulijua mama anaona nini anapoona kitu kikishushwa kutoka juu na kutiwa ndani ya shimo. Na tulijua papa anaona nini anapolitazama tawi lile linaning'inia dirishani, siku baada ya siku, likingoja.

Papa alinunua chungu Nyawera, cha udongo mwekundu, akatoboa matundu chini yake polepole kwa patasi ndogo ili kisipasuke. Akakiweka kwenye pembe ya baraza, mdomo juu. Jioni mama alipotoka sokoni alikigeuza, mdomo chini. Asubuhi papa akakigeuza tena kabla ya kwenda kazini. Waliendelea hivyo, hawagombani, hawakitaji. Mimi niliyekaa pale nilikuwa najua saa kwa kutazama mdomo wa chungu.

Halafu mmea ukatoa vikonyo. Viliteremka kutoka katikati ya majani, vyembamba, vina vifundo vya kijani kibichi, na kila kifundo kilikuwa na mkia mrefu kama uzi. Papa aliuliza kazini, akaambiwa mmea usisumbuliwe mpaka umalize kuchanua. Nadhani yeye na mama wote wawili walifurahi kuahirisha.

Vifundo vilipasuka Jumapili moja, tumerudi misa ya pili. Maua meupe, yana ncha sita kama nyota, yananing'inia na mikia yake. Nilipanda juu ya kiti nikanusa. Hayakuwa na harufu yoyote. Nilimwambia mama, naye akapanda akanusa, akasema kweli, hakuna.

Siku hiyohiyo, jua likielekea kushuka, rafiki wa kaka alikuja, yule aliyepona. Hakuwa amewahi kufika kwetu tangu ajali. Mama alikuwa ametuma ujumbe Kalehe mara nyingi akitaka asikie kutoka kinywani mwake, na yeye kila mara alikuwa na sababu. Sasa alikuja amevaa koti, akakaa kwenye kiti cha mwisho cha baraza, karibu na ngazi.

"Niambie," mama alisema.

Akamwambia. Alisimulia vizuri, macho yake kwenye sakafu. Upepo, mvua, magunia yakiteleza upande mmoja, maji yakiwa baridi kuliko alivyofikiri. Alisema kaka alishika ubao pamoja naye. Alisema walikuwa wakiitana majina ili kujua kila mmoja bado yupo. Kisha akaacha kusema katikati ya sentensi.

Nilifikiri analia. Lakini alikuwa ameinua uso, anavuta hewa puani.

"Hii harufu inatoka wapi?"

Ndipo mimi nami nikaisikia. Jua lilikuwa limegusa mlima, na maua yale ambayo mchana kutwa hayakunuka yalikuwa yamefunguka kwa harufu tamu, nzito, yenye ubaridi ndani yake. Sijui kuieleza. Kama sabuni nzuri katika nyumba isiyo na mtu.

"Ni ua la kaka," nikasema, nikimwonyesha. "Limechanua leo."

Aligeuka akalitazama, akasimama. Kiti kilianguka nyuma yake, hakukiokota.

"Maman," alimwambia mama, "ile siku, mu maji, nilimuita akaacha kuitika. Kisha nikasikia hii harufu. Hii hii. Katikati ya ziwa, na mvua, na upepo. Nilifikiri ni kifo inanukaka vile. Sikuambia mutu."

"Kandokando ya ziwa kuko miti," papa alisema haraka. "Kuko maua mengi mu miti. Upepo ilileta."

"Labda, papa," yule kijana alisema. "Labda ni vile."

Hakumaliza hadithi. Mama alimwomba akae ale, akakataa, akatuaga mmoja mmoja kwa mikono miwili. Alishuka njia bila kugeuka nyuma. Mimi nilibaki nikilifikiria jambo moja ambalo wakubwa hawakulisema: kwamba siku ile ya ajali mmea wetu ulikuwa haujachanua hata mara moja. Hakuna mtu katika nyumba yetu aliyekuwa akijua harufu yake. Hata kaka, aliyeuleta, hakuwahi kuisikia.

Baada ya hapo mama hakutaka kusikia tena habari ya chungu. "Alikuwa anatafuta njia," aliniambia jikoni, akimenya viazi. "Ile harufu ilikuwa inamuonyesha njia ya nyumba. Na papa yako anataka kuitoa." Jioni alikaa barazani mpaka harufu ilipojaa kila mahali, kwenye nguo nilizoshona, kwenye unga. Wateja wangu wawili waliniuliza ni manukato gani. Mmoja alirudisha gauni, akasema limemfanya aote vibaya, nikalifua na kulianika mpaka harufu ikatoka.

Maua yalidondoka moja moja. Harufu ikakoma. Asubuhi zikaanza kuwa za baridi na kavu, milima ya ng'ambo ikapotea ndani ya ukungu wa moshi. Ndipo nikaona jambo lingine. Kila nilipotoa mashine yangu asubuhi, tawi lilikuwa limelowa. Matone yalikuwa yameanguka sakafuni chini yake, na mizizi, ambayo ikiwa mikavu huwa ya kijivu, ilikuwa imegeuka kijani kama inavyokuwa ikinywa maji. Niliamini ni mama. Lakini siku moja nilimsikia akimwambia jirani kwamba ua la kaka linaishi bila mtu kulinywesha, na alisema hivyo kwa uso ambao siwezi kusema ulikuwa unadanganya.

Nikaamka kabla ya wengine ili nione. Kulikuwa na mwanga mdogo tu juu ya ziwa. Papa alikuwa amesimama juu ya kiti changu cha kushonea, amevaa koti lake la kazi, anamimina maji polepole kwenye mizizi kwa kikombe cha kahawa. Alikuwa anaminya midomo kama anavyofanya akipima ubao.

Aliniona. Akamaliza kikombe kwanza, ndipo akashuka.

"Usiambie mama yako."

"Papa, ni wewe unataka tuitie mu chungu."

"Ndiyo." Akafuta kiti kwa mkono wa koti. "Mu chungu haitanihitaji kila asubuhi. Sitaweza hivi maisha yote, mutoto yangu. Kila asubuhi ninapanda hapa, ninafikiri, leo sitapanda. Na ninapanda."

Nilitaka kumshika mkono, lakini kwetu hatukuwa na mazoea hayo, nikaenda kuwasha moto.

Mara baada ya hapo papa alipata kazi Luberizi, kule bondeni, ya kujenga ghala la mpunga pamoja na maseremala wengine. Angekaa huko wiki kadhaa. Asubuhi ya kuondoka aliniambia pembeni kwamba tawi lile halitamaliza mwezi, na kama mama atakubali kitu chochote, chungu au tawi jipya, nikifanye bila kumngoja. Kisha akatazama juu. "Na unyweshe," akasema.

Kwa hiyo kesho yake nilichukua kikombe chake cha kahawa, nikajaza maji, nikapanda kwenye kiti. Tawi lilikuwa limelowa.

Nilibaki nimesimama na kikombe. Nikajiambia mama amegundua, naye sasa anafanya kazi ya papa. Siku ya pili ilikuwa vilevile, nilipoamka mapema zaidi. Siku iliyofuata mama alinikuta nimesimama pale.

"Ni wewe unamwanga maji?" aliniuliza.

"Hapana, maman. Si wewe?"

"Mimi?" Akaja, akaweka mkono wake chini ya mizizi, tone likamwangukia kiganjani. "Nilifikiri ni wewe. Toka papa yako alienda, nilifikiri ni wewe."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyetazama pembeni kwanza.

Nitasema hapa lile ambalo watu huniambia nikisimulia: umande, ukungu wa ziwa. Nimeishi karibu na ziwa lile sehemu kubwa ya maisha yangu. Ukungu hulowesha kila kitu sawasawa, ngazi, ukuta, kamba ya nguo. Asubuhi zile kamba yetu ilikuwa kavu, na vumbi la kiangazi lilikuwa limelala juu ya ukingo wa baraza bila alama ya tone.

Jioni hiyo mama alichukua majivu ya jikoni, akayachekecha kwa chekecheo la unga, akayamwaga barazani kutoka ngazi hadi ukutani, laini, mpaka sakafu ikawa ya kijivu yote. Mchezo huo hutumika kumjua mwizi wa kuku. Tulirudi kinyumenyume hadi mlangoni, tukaingia. Mama akauacha mlango bila komeo, kama alivyokuwa akiuacha tangu mvua zile.

Kulipokucha tulitoka pamoja. Hakukuwa na alama yoyote juu ya majivu. Si mguu wa mtu, si wa paka, si wa ndege. Yalikuwa laini kama tulivyoyaacha, isipokuwa mahali pamoja, chini ya dirisha la kaka, ambako matone yalikuwa yametoboa vishimo vidogo, kimoja kando ya kingine. Juu yake mizizi ilikuwa ya kijani, imeshiba.

Nilifikiri mama atafurahi. Kwa miezi yote hiyo alikuwa akisema atarudi, na hii, kama ni kitu, ilikuwa inafanana na kurudi. Lakini nilipomtazama niliona ameogopa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameogopa, hata siku ya boti hakuwa hivyo. Alikaa kwenye kizingiti, akavuta kanga juu ya mabega.

"Mulango iko wazi," alisema.

"Ndiyo, maman."

"Kila siku niliacha mulango wazi. Mutoto yangu hawezi kufika mupaka hapa akose kuingia. Akiwa muzima, ataingia, ataomba chakula." Chini mtaani mtu alikuwa anapasua kuni. "Mutu mwenye kufika mupaka ku dirisha, mwenye kulowa, na haingie, ni mutu mwenye hana kwake. Ni mimi nilimusimamisha pale. Ninamuambia kila siku, ngoja, ngoja."

Nilikaa kando yake mpaka jua likafika kwenye majivu.

Siku hiyo hakwenda sokoni. Alichukua chungu kwenye pembe, akakiweka katikati ya baraza, mdomo juu. Akaniambia nilete makaa na tofali kama Madame wa papa alivyosema. Nilivunja tofali kwa nyundo, nikaosha makaa. Tulipotaka kulishusha tawi, halikushuka. Mizizi miwili ilikuwa imepita nyuma, mahali ambapo sikuwahi kuangalia, ikaingia kwenye mbao za dirisha la kaka, ikalala bapa, imeganda kwenye ubao kana kwamba imepakwa gundi. Ncha zake zilikuwa zimefika kwenye ufa kati ya mbao mbili, zikaingia ndani ya chumba.

Mama aliomba mkasi wangu wa kushonea. Nilitaka kukata mimi, akakataa. Alikata mwenyewe, polepole, akisema kitu kwa Kishi, lugha ya kwao, kwa sauti ndogo, maneno ambayo mama husema akimtoa mtoto mwiba. Lile tawi lilipofika mikononi mwake likasambaratika lenyewe, likabaki vumbi na sisimizi, na mmea ukabaki peke yake, mwepesi kuliko nilivyodhani.

Nilipanga tofali chini, makaa juu yake, tukausimamisha mmea. Mama akatazama ndani.

"Hakuna udongo."

"Hapana, maman. Udongo itaiozesha. Madame alisema hata kidogo isiingie."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba penye bustani yake, akarudi na viganja viwili vimejaa udongo mweusi. Nikamwambia, "Maman, itakufa." Akapiga magoti, akaumimina kuzunguka shina, akaushindilia kwa vidole gumba, kwa uangalifu, kama anapanda miche ya kabichi. Kisha akaenda tena kuchota.

Alikiweka chungu nyuma ya nyumba, chini ya ukuta, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya paa mbili. Jioni alifunga mlango kwa komeo. Asubuhi nilitoka mapema na kiti changu, nikatazama sakafu chini ya dirisha. Ilikuwa kavu. Niliitazama sakafu ile kavu muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama ilipolowa, na baridi ilinipata miguuni mpaka nikarudi ndani kutafuta viatu.

Mama hakumwita padri wala jirani. Alirudi sokoni, akauza, akapika. Nilipomuuliza kama tuwaambie watu wa ukoo, alisema, "Bado."

Papa alirudi kutoka Luberizi na lori la mpunga, uso umeungua jua la bondeni. Begani alikuwa amebeba ubao. Ulikuwa wa mti mgumu sana, amekata kipande kirefu akauacha na gamba lake upande mmoja. Ametoboa matundu ya kupitishia uzi, ametia ndoano ya waya mpya, amelainisha kingo zote kwa msasa ili zisikate mizizi. Kazi ya jioni nyingi. Alipanda ngazi akiwa tayari ameutoa begani, akisema, "Nimepata ile mama alitaka, hii haitaoza hata sisi tukioza," akainua macho akaona dirisha tupu, na mizizi miwili iliyokatwa imekauka juu ya mbao.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono.

"Iko wapi?" papa aliuliza.

"Nyuma."

Akaenda nyuma. Sisi tukamfuata. Alichuchumaa mbele ya chungu, akagusa udongo, akatia kidole mpaka kwenye kifundo, akakitoa.

"Umetia udongo."

"Nimetia."

"Itakufa."

"Ninajua," mama alisema. "Nilikuwa ninakungojea wewe. Sikutaka tulie bila wewe."

Kweli mmea ule ulikufa. Haukufa upesi; mvua za mwezi wa tisa zilipoanza kujaa ndani ya chungu majani yakawa ya njano, yakawa yanatoka mkononi ukiyashika, na mama akapanda vitunguu mlemle. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile papa alibaki amechuchumaa, ubao wake umeegemea ukuta, na taratibu mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuwa ametoa chozi hata moja tangu ziwani. Mama alisimama nyuma yake, akaweka mkono juu ya kichwa chake mbele yangu, mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada.

Kisha akainua sauti. Si kelele kubwa, ule mlio mrefu tu ambao wanawake wa kwetu huutoa mara ya kwanza, ili mtaa ujue. Ukaruka juu ya mapaa. Kule chini yule mtu wa kuni akaacha kupasua. Jirani wa kwanza alitokea kwa mlango wa nyuma, hata kanga hajaifunga vizuri, na chini ya kwapa alikuwa na mkeka wake. Ilikuwa imepita miezi. Hakuuliza nani amekufa. Aliutandaza mkeka palepale juu ya udongo, akakaa, akaanza kulia kama mtu aliyepata habari saa ileile, na nyuma yake nikasikia milango mingine ikifunguliwa.